Friza Inaunguruma, Maji Hayagandi

Taa ya kijani inawaka, kompresa inaunguruma, ukiingiza mkono unasikia ubaridi. Lakini chupa ulizopanga jana jioni, asubuhi bado ni maji. Kwa aliyenunua friza ili ahifadhi samaki na nyama ya wiki, hiyo ni kero. Kwa anayeuza barafu za ukwaju na maji ya chupa, mtaji umelala.

Mtaani hukumu huwa moja: gesi imeisha. Fundi anaitwa, gesi inawekwa, fedha inatoka, na baada ya wiki chache tunarudi pale pale. Gesi kuvuja ni tatizo la kweli, nami nitalifikia. Ila ni sababu moja kati ya nyingi, na nyingi kati ya hizo unaweza kuzibaini mwenyewe kwa mkono, kwa sikio na kwa kusubiri kidogo, kabla hujamwita mtu yeyote.

Tuanze na jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, maana dalili zote zinatoka hapo. Friza haitengenezi baridi. Kazi yake ni kulitoa joto lililo ndani na kulimwaga nje. Ndani ya mabomba yake mna gesi ambayo kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye baridi kali. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 hivi chini ya sifuri, na R600a, iliyomo kwenye friji nyingi za miaka ya karibuni, kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Kompresa inapoivuta gesi kutoka upande wa ndani, mgandamizo unashuka, kimiminika kinachemka, na katika kuchemka kinanyonya joto la chupa zako. Kisha kompresa inaikandamiza gesi hiyo hiyo mpaka inapata moto na kuisukuma kwenye mabomba ya nje. Huko inalitoa joto chumbani na kurudi kuwa kimiminika. Halafu inapita kwenye kibomba chembamba mno ambacho mafundi wanakiita kapilari, mgandamizo unashuka tena, mzunguko unaanza upya.

Wakati huo joto la nje nalo halijakaa kimya. Linapenya kwenye kuta, kwenye mpira wa mlango, na linaingia kwa fujo kila mlango unapofunguliwa. Kompresa ni kama baharia anayekumba maji kwenye mashua inayovuja: maji yakiingia kwa kasi kuliko anavyoyatoa, mashua inajaa, hata kama baharia mwenyewe ni mzima wa afya. Kwa hiyo friza inapogoma kugandisha kuna maswali matatu tu. Je, joto linaingia kuliko kawaida? Je, kompresa inafanya kazi yake? Au joto linatolewa ndani lakini linakosa pa kwenda?

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Swali la kwanza ndilo linalosahauliwa zaidi, hasa kwa wauzaji wa barafu. Kuishusha lita moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi sifuri kunahitaji kuondoa kilojuli 125 hivi za joto. Kuyageuza maji hayo hayo, yakiwa tayari kwenye sifuri, yawe barafu ya nyuzi sifuri ile ile, kunahitaji kilojuli 334. Yaani kazi kubwa inaanza pale ambapo maji yameshakuwa baridi ya kuuma meno. Ndiyo maana mtu anafungua saa sita za usiku, anakuta maji baridi yenye utando mwembamba wa barafu juu, anahitimisha kwamba friza imekufa. Haijakufa. Iko katikati ya mlima, na kwa kuufungua mlango umeirudisha nyuma.

Sasa chukua chupa 30 za lita moja na nusu, zilizotoka kwenye ndoo zikiwa na joto la Dar es Salaam. Hizo ni lita 45. Kuzigandisha zote kunahitaji kuondoa joto la zaidi ya kilojuli 20,000, ambazo ni karibu uniti sita za nishati. Ukitaka hayo yafanyike kwa usiku mmoja wa saa 12, kompresa iwe inatoa joto kwa kasi ya karibu wati 480 mfululizo. Kompresa ya friza ndogo ya nyumbani, ikiwa kwenye baridi ya kugandisha, kwa kawaida inatoa wati mia na kitu hadi mia mbili na kitu. Hapo hakuna kilichoharibika. Umeibebesha mzigo wa siku mbili ukataka uishe alfajiri.

Watengenezaji wenyewe huandika kikomo hicho. Tafuta kibandiko kilichoko nyuma au ndani ya mlango, karibu na volti na aina ya gesi. Kuna namba ya kilo kwa saa 24. Hicho ndicho kiasi cha chakula kipya ambacho friza inaweza kukigandisha kwa siku, na aghalabu ni kidogo mno kuliko ujazo wake. Friza ya lita 200 haigandishi lita 200 za maji kwa siku. Mara nyingi namba hiyo haifiki hata 20. Anayetaka barafu nyingi apange kwa zamu: chupa za leo zikae upande mmoja zikigusa ukuta, zenye nafasi ya hewa kati yake, na za jana zilizokwisha kuganda zihamishiwe katikati. Maji yakipozwa kwanza kwenye friji ya kawaida au kwenye mtungi, mzigo unapungua tangu mwanzo.

Kuna na suala la sukari. Maji yenye sukari huganda kwenye baridi kali kuliko maji matupu. Juisi ya ubuyu iliyokolezwa inaanza kuganda nyuzi moja au mbili chini ya sifuri, na kadiri barafu inavyojitenga, sukari iliyobaki inakolea na kuhitaji baridi zaidi. Kwa hiyo friza ikishuka hadi nyuzi tano tu chini ya sifuri badala ya 18, chupa ya maji itaganda ngumu lakini barafu zako za ubuyu zitabaki ujiuji. Ukiona hivyo, usiilaumu juisi. Hiyo ni dalili ya mapema kwamba friza haifiki inapotakiwa kufika. Maji ya kisima yenye chumvi, kwa upande mwingine, yanasingiziwa bure: hata maji ya bahari huganda kwenye nyuzi mbili hivi chini ya sifuri, na friza isiyo na hitilafu hayo haiyahisi.

Kipimajoto kidogo cha friji kinamaliza ubishi mwingi. Kizamishe kwenye glasi ya maji ya chumvi nyingi au kibane katikati ya mifuko ya nyama, kiache usiku kucha, kisome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango. Nyuzi 18 chini ya sifuri au karibu yake: friza ni nzima, tatizo ni mzigo au haraka yako. Nyuzi nane au tano chini ya sifuri: kuna kitu kinadhoofisha. Juu ya sifuri: kuna kitu kimeacha kufanya kazi.

Vitu vidogo vinavyopoteza fedha

Vya kwanza kuangalia ni vile ambavyo fundi mwaminifu angeviangalia bila kufungua mkoba wake. Kitufe cha thamostati, kile cha kupangia kiwango cha ubaridi: namba kubwa maana yake ni baridi zaidi, lakini nimewaona watu wazima wakiirudisha kwenye moja wakidhani wanaongeza. Friza nyingi za kulala, zile zinazofunguliwa juu, siku hizi zina swichi ya kuchagua kati ya friji na friza. Mtoto au dada wa kazi akiigusa wakati wa kupangusa, utauza soda baridi wiki nzima ukijiuliza barafu imekwenda wapi.

Kisha mpira wa mlango. Weka noti kwenye ukingo, funga mlango juu yake, ivute taratibu. Ikitoka bila kubanwa, hewa ya joto inapita hapo. Zunguka pembe zote, maana mpira huchoka upande wa bawaba kabla ya upande mwingine. Usiku unaweza kuweka ndani simu iliyowashwa tochi, ukafunga, ukazima taa za chumba na kutafuta mwanga unapochungulia. Mpira uliojikunja hulainika ukikandwa kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto. Uliochanika unabadilishwa, na bei yake ni ndogo kuliko uniti utakazochoma.

Hewa ile inayopenya inaleta balaa la pili: unyevu. Unyevu huganda kwenye kuta na kujenga tabaka la barafu nyeupe. Watu huifurahia wakidhani ni ushahidi kwamba friza inafanya kazi. Kumbe barafu hiyo inayazuia mabomba yaliyoko nyuma ya ukuta yasilifikie joto la chupa. Likifikia unene wa kidole, zima, hamisha vitu, weka sufuria la maji ya moto ndani na ufunge kwa muda. Barafu italegea yenyewe, uibandue kwa mwiko wa mbao.

Usitumie kisu. Ukuta wa ndani ni bati jembamba na mabomba yamepita nyuma yake. Kwenye sehemu ya kugandishia ya friji za zamani, bomba na ukuta ni bati moja la alumini. Ncha ya kisu ikipita utasikia mlio wa hewa ikitoka, na hapo ndipo gesi itakuwa imekwisha kwelikweli. Kama kibandiko kinasema R600a, gesi hiyo inashika moto. Fungua madirisha, zima jiko, usiwashe wala kuzima swichi yoyote karibu mpaka hewa ibadilike.

Mahali friza ilipowekwa panahusika pia. Friza nyingi za kulala zimefichiwa mabomba ya kutolea joto ndani ya kuta za pembeni, ndiyo maana kuta hizo zinapata moto. Ukiisukuma mpaka ikagusane na ukuta wa nyumba, ukaiwekea gunia la mkaa ubavuni na kitambaa kizito juu, joto linakosa njia. Iachie nafasi ya kiganja pande zote. Zenye wavu wa mabomba mgongoni, safisha vumbi. Kwenye kibandiko utaona pia herufi za hali ya hewa: N maana yake friji imetengenezwa kwa vyumba vya nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji ya mtumba iliyotoka Ulaya yenye N, ukiiweka kwenye duka la mabati huko Mbagala mwezi wa pili, itazunguka mchana kutwa bila kuzima na bado isifike.

Kuna na kinyume chake, ambacho watu wa pwani hawakiamini. Friji ya milango miwili yenye thamostati moja hupima joto la sehemu ya chini, ile ya mboga na maziwa. Huko Njombe au Makete mwezi wa sita, jiko likizimwa usiku, chumba chenyewe kinakaribia baridi ya friji. Thamostati inaona kazi imeshafanyika, kompresa haiitwi, na sehemu ya juu ya kugandishia inayeyuka taratibu wakati kila kitu ni kizima. Baadhi ya friji zina swichi ya msimu wa baridi inayowasha kijitaa au kipasha joto kidogo karibu na thamostati ili kuidanganya. Isiyo nayo, ihamishie chumba chenye joto, jikoni kwa mfano. Fundi anayeongeza gesi hapo anaharibu friji isiyo na kosa.

Sikiliza kabla ya kufungua

Zima feni na redio, kaa karibu na friza dakika kumi. Kompresa iliyo nzima ina mngurumo wa chini usiokatika. Ukisikia badala yake mngurumo mzito wa sekunde chache, kisha "tak", kisha kimya cha dakika kadhaa, halafu tena mngurumo na "tak", kompresa inajaribu kuwaka na inashindwa, na kinga yake inaikatia umeme isiungue.

Mshukiwa wa kwanza ni umeme wenyewe. Umeme wa nyumbani kwetu unatakiwa uwe volti 230. Ukishuka chini ya 190 hivi, kompresa nyingi zinahangaika kuanza, hasa jioni mtaa mzima unapopika na kuwasha pasi. Zamani balbu ya waya ilikuwa inageuka nyekundu na kila mtu akajua umeme ni mdogo. Balbu za LED za leo zinawaka vilevile hata volti ikishuka, kwa hiyo zinatuficha. Angalia feni ya darini: ikizunguka kwa uvivu wakati ule ule friza inapogoma, umeshapata jibu. Mita ya mkononi itakupa namba kamili. Angalia pia ekstensheni. Waya mwembamba na mrefu uliounganishwa na birika, runinga na friza unapoteza volti njiani, na plagi iliyopata moto au kubadilika rangi inajitangaza.

Umeme ukikatika na kurudi baada ya dakika moja ni jambo tofauti. Kompresa inaposimama, upande mmoja wa mabomba una mgandamizo mkubwa na mwingine mdogo, na inachukua dakika kadhaa kulingana kupitia kapilari. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo, inasukuma ukuta. Kifaa cha friji gadi, kile cha kuilinda friji na umeme mbaya, kimewekewa kuchelewa kwa dakika chache kwa sababu hiyo. Usizikwepe dakika hizo kwa kuchomeka friza moja kwa moja kwenye soketi eti unasubiri mno.

Umeme ukiwa mzuri na "tak" ikaendelea, kinachofuata ni rilei, kile kidude kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa kuisaidia kuanza. Ndani yake huwa mna kisahani cha kauri. Rilei ikichomolewa, friza ikiwa imetolewa kwenye soketi, na kutikiswa ikasikika kama ina changarawe ndani, kisahani kimevunjika. Ni kifaa cha bei ndogo, na fundi akianza na hicho anajua kazi. Kama kompresa ina kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, asiiguse kabla ya kuitoa chaji. Rilei mpya ikishindwa pia, kompresa yenyewe huenda imekwama au waya zake za ndani zimeungua, na hapo mazungumzo ni ya fedha nyingi. Friza zenye kompresa ya invata, ile inayobadilisha kasi yake, zinaendeshwa na bodi ya kielektroniki na hazina rilei ya namna hiyo. Usimruhusu mtu akuunganishie umeme moja kwa moja kwenye kompresa hiyo.

Sasa hiyo gesi

"Mama, gesi imeisha hii," fundi anasema, hata mfuniko hajaufungua.

"Imeisha imekwenda wapi, mwanangu?"

"Friji za siku hizi ndivyo zilivyo, mama. Kila baada ya mwaka unaongeza."

Swali la mama ni la kiufundi kuliko jibu alilopewa. Gesi ya friji haitumiki kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa pande zote, na friji isiyovuja inaweza kukaa na gesi ile ile ya kiwandani miaka 15 na zaidi. Ikipungua, kuna tundu. Anayeongeza bila kulitafuta tundu amekukodisha baridi kwa muda.

Dalili zake unaweza kuzisoma mwenyewe. Friza iwe imewaka saa mbili au zaidi, kompresa ikizunguka bila kukatika. Gusa kuta za nje za pembeni, au wavu wa mgongoni kama unao. Zikiwa na joto, kuna joto linalotolewa ndani. Zikiwa sawasawa na ukuta wa chumba huku kompresa yenyewe ikichoma kiganja, hakuna linalozunguka. Kisha fungua na uangalie utando wa barafu ndani. Friza yenye gesi kamili huota utando mwembamba unaolingana kwenye kuta zote. Gesi ikipungua kidogo, utando unaota sehemu moja tu, pale kapilari inapoingilia, pengine mistari miwili mitatu ya mwanzo, na kwingine kote pakavu au pana matone. Chupa zilizo upande ule zinaganda, za upande wa pili ni maji. Muuzaji akikwambia "upande wa kushoto unagandisha, wa kulia haugandishi", amekupa uchunguzi mzima.

Lakini dalili hizo zina ndugu zake. Kapilari au chujio lililoko kabla yake likiziba, gesi inakwama upande mmoja na utando unapungua vilevile. Unyevu ukiwa umeingia kwenye mabomba wakati wa matengenezo ya zamani, unaganda kwenye mdomo wa kapilari: friza inafanya kazi vizuri saa kadhaa, inaacha, ukiizima ikayeyuka inarudi kufanya kazi, kisha inaacha tena. Kisa hicho ni rahisi kukitambua kwa mchezo wake wa kuja na kuondoka. Na kompresa iliyochakaa vali inazunguka kwa mlio mzuri kabisa bila kusukuma kitu. Fundi mwenye geji, yaani kipima mgandamizo, ataiona, kwa sababu mgandamizo wa pande zake mbili hautofautiani inavyotakiwa.

Tundu lenyewe linatafutwa. Gesi inapovuja hubeba mafuta kidogo ya kompresa, kwa hiyo doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye kiungo ni alama nzuri. Povu la sabuni linapakwa kwenye viungo huku mabomba yakiwa na mgandamizo, na mapovu yanajionyesha. Ukanda wa pwani una adui wake: hewa ya chumvi. Bomba la chuma linalopita kwenye fremu ya mlango ili ukingo usitokwe jasho linaoza kimyakimya kwa kutu, na pale tundu halionekani kwa macho. Bomba hilo fundi anaweza kulikata na kuliruka, ukabaki na fremu yenye jasho na friza inayogandisha. Tundu likiwa kwenye mabomba yaliyofukiwa ndani ya povu la kuta za friza ya kulala, mafundi wetu huzungusha koili mpya ya bomba la shaba juu ya ukuta wa ndani na kuyaacha ya zamani. Inapunguza nafasi na haipendezi, lakini inagandisha, na ni bora kuliko kujaza gesi mara tatu.

Baada ya tundu kuzibwa kuna mambo ambayo mteja ana haki ya kuyasimamia bila kuonekana msumbufu. Chujio linabadilishwa kila mfumo unapofunguliwa. Hewa na unyevu vinanyonywa kwa pampu ya vakyumu, si kwa kuipuliza gesi kidogo upande mmoja itoke upande wa pili. Gesi inayowekwa ni ile iliyoandikwa kwenye kibandiko. R600a na R134a hazichanganywi wala hazibadilishani, kwa sababu mgandamizo wake na mafuta ya kompresa zake ni tofauti. Na kiasi kinapimwa kwa mzani. Friji ya R600a mara nyingi hubeba gramu 30 hadi 80 tu, kwa hiyo gramu kumi za kukisia ni kosa kubwa. Ikizidi, kompresa inafanya kazi ya bure na kugandisha kunapungua badala ya kuongezeka. Kwa R600a tena, mabomba yanamwagwa gesi yote nje penye hewa kabla moto wa kuchomelea haujasogea karibu. Akiwasha moto bila kufanya hivyo, mwambie asimame. Friji za mtumba za zamani sana huwa na R12, gesi ambayo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuiondoa sokoni kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Hizo, kwa maoni yangu, zisitengenezwe.

Friji zisizoota barafu

Friji za kisasa zinazojiyeyusha zenyewe zina ugonjwa wao. Koili ya baridi imefichwa nyuma ya kava, na feni ndogo inausambaza ubaridi. Mara kwa mara kipasha joto kinawaka dakika chache kuyeyusha utando uliojikusanya kwenye koili. Kipasha joto hicho, kihisi chake au saa yake ikifa, utando unaongezeka siku hadi siku mpaka koili inageuka jiwe la barafu na feni haina pa kupitishia hewa. Sehemu ya chini ndiyo inayoanza kupata joto, maziwa yanachacha, kisha barafu za juu zinalegea. Wakati mwingine feni inakwaruza barafu na kutoa mlio.

Jaribio lake halina gharama. Izime, acha milango wazi siku nzima na usiku wake, taulo chini. Ukiiwasha ikafanya kazi vizuri kwa siku kadhaa kisha ikarudia, gesi na kompresa ni nzima na tatizo liko kwenye kuyeyusha. Anayekwambia ni gesi baada ya ushahidi huo, mshukuru na umwite mwingine. Feni ikiwa kimya kabisa huku mlango umefungwa, angalia kwanza swichi ya mlango, maana feni nyingi husimama mlango ukiwa wazi na swichi iliyonasa inaifanya friji iamini uko wazi daima.

Ndugu zetu walioko Ghuba na Marekani wenye friji inayotengeneza vipande vya barafu yenyewe wana njia fupi zaidi. Nyama ikiwa ngumu na barafu hakuna, tatizo ni maji: bomba limefungwa nyuma, chujio la maji limeziba, kijibomba cha kumiminia kimeganda, au ule mkono wa kuzima umeinuliwa na mfuko wa mboga.

Wakati unasubiri fundi, usifungue. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri inaweza kushika baridi kwa saa 48 hivi, iliyo nusu kwa saa 24. Nyama na samaki wenye chembe za barafu bado wanaweza kugandishwa tena, ladha ipungue kidogo. Waliolegea wakakaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi nne kwa zaidi ya saa mbili watupwe, hata kama inauma.

Fundi akimaliza, asikuonyeshe utando wa dakika kumi akadai chake, kwa maana hata friza yenye gesi nusu huota utando wa dakika kumi. Weka chupa mbili tu za maji, moja kila upande, na kipimajoto katikati, thamostati kwenye namba ya kati, mlango ufungwe mpaka kesho. Mnapatana tangu mwanzo kwamba nusu ya fedha inabaki. Kesho chupa zote mbili ziwe ngumu, kipimajoto kiwe kwenye 18 chini ya sifuri au hapo karibu, na kompresa usikie inazima yenyewe na kupumzika. Hilo la kuzima ndilo lenye uzito, kwa sababu friza isiyozima itakumaliza kwenye LUKU hata kama inagandisha. Yakitimia yote matatu, mpigie aje achukue nusu yake.